Kati ya Baadhi na Wote

Mtihani wa kuingia vyuo vya sheria nchini Marekani, ambao umekuwapo tangu mwaka 1948 na unaojulikana kwa kifupisho cha LSAT, haumuulizi mtahiniwa hata kifungu kimoja cha sheria. Tangu Agosti 2024, yalipoondolewa yale mafumbo ya kupanga watu na vitu ambayo yaliwatesa wengi, sehemu zake zinazotolewa alama zimebaki tatu: moja ya kusoma na kuelewa, na mbili za mantiki, yaani ile elimu ya kupima kama hitimisho linafuata kweli kutokana na maneno yaliyolitangulia. Katika kila sehemu ya mantiki mtahiniwa hupewa dakika 35 kwa maswali yapatayo 25, na kila swali ni aya fupi, mfano wa ugomvi mdogo ulioandikwa, ikifuatwa na majibu matano ambayo manne kati yake yametungwa na mtu aliyejua vizuri mahali msomaji mwenye haraka atakapoteleza.

Lubumbashi, nchini Kongo, mlango ni mwingine. Anayetaka kuketi katika Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi hutakiwa kwanza awe na Diploma ya Serikali, ambayo hupatikana kwa Mtihani wa Serikali, ule ambao vijana wa mji huu huuita Exetat, wenye siku nne za maswali ya kuchagua ambayo wenyewe huyaita itemu. Itemu za miaka iliyopita hupigwa fotokopi, zikazunguka kutoka mkono hadi mkono, na mwanafunzi hodari huzikariri mpaka jibu limtoke kabla swali halijaisha. Kukariri kuna heshima yake, wala haifai kudharauliwa na watu ambao nao walipita humo humo. Lakini swali linalouliza hoja imepasuka wapi halikaririki, kwa sababu kila mara huja na watu wengine, mahali pengine na ufa mwingine. Ndiyo maana kijana wa Katuba au wa Kenya (komuni hiyo ya Lubumbashi, si ile nchi yenye jina hilo) anayejiandaa kwa masomo ya sheria angenufaika na mazoezi ya namna hii hata kama hatapanda ndege maishani mwake.

Kwa mfano, na ichukuliwe kauli kwamba washabiki wote wa timu ya soka ya Mazembe huvaa nyeusi na nyeupe. Anatokea mtu amevaa nyeusi na nyeupe, na msemaji anahitimisha kwamba huyo ni mshabiki wa Mazembe. Masikioni hoja hiyo inapendeza, tena uwanjani mwao Kamalondo siku ya mechi hitimisho lake pengine lingekuwa sahihi. Lakini ikihamishiwa kwenye ngazi za mahakama asubuhi, ambako mawakili hupanda kwa joho jeusi na kitambaa cheupe shingoni, itamfanya kila wakili kuwa wa Mazembe, wakiwemo wale ambao moyo wao uko kwa mahasimu wao, Lupopo, tangu utotoni. Kasoro iko katika kugeuza kauli nyuma mbele: kusema kwamba wote walio A wana B si kusema kwamba wote wenye B ni A.

Kasoro hiyo hiyo hujificha katika masharti, na hapo huacha kuwa mchezo. Wanamantiki hutofautisha sharti la lazima, ambalo lisipokuwepo jambo haliwezi kuwa, na sharti toshelezi, ambalo likiwepo tu, jambo limekwisha kuwa. Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mahari itolewe, yote au sehemu yake, ili ndoa ifungwe. Kwa hiyo mahari ni sharti la lazima. Hata hivyo haitoshelezi, kwa kuwa kanuni hiyo inadai pia umri wa miaka 18 na ridhaa ya wote wawili. Mjomba anayesimama katikati ya kikao akasema kwamba mali imekwisha kupokelewa, basi msichana ni mke wa watu, amefanya kosa ambalo katika karatasi ya mtihani lingempotezea alama moja, na katika kikao hicho gharama yake inalipwa na msichana ambaye pengine hakuulizwa neno.

Kujifunza maswali haya ni kazi ya polepole kuliko inavyodhaniwa. Mwenye kuifanya vizuri huyafunika majibu kwa kipande cha karatasi, akaisoma aya, akatafuta kwanza kauli inayotetewa, kisha sababu zinazoishikilia, kisha lile ambalo msemaji amelidhania bila kulitamka, kama boriti iliyofichwa na dari. Baada ya hapo ndipo hufunua majibu, na kwa kila moja kati ya yale manne yasiyofaa huandika sababu ya kulikataa. Wengi huikwepa hatua hiyo ya mwisho, ingawa faida kubwa imo humo, kwa maana hapo mtu hugundua kwamba jibu alilolipenda alilipenda kwa kuwa linakubaliana na anayoyajua au anayoyatamani, ilhali aya yenyewe haikusema hivyo. Kujizuia kumtia mwingine maneno ambayo hakuyasema ni adabu kabla ya kuwa ufundi, na katika mji ambao mabishano huanza kwenye teksi asubuhi na kumalizikia kwenye matanga usiku, adabu hiyo haipatikani kwa wingi.

Kwa mwanafunzi wa Lubumbashi kuna ugumu mwingine, nao ni wa lugha. Mahakama huandika Kifaransa, na watu wanaofikishwa mbele yake huzungumza Kiswahili. Mfaransa akisema *tous les témoins n'ont pas menti*, kwa kawaida ana maana kwamba si mashahidi wote waliosema uongo, yaani wapo waliosema kweli na pengine wapo waliodanganya. Mkalimani akiifuata sentensi hiyo neno kwa neno atapata kwamba mashahidi wote hawakusema uongo, na kwa msikilizaji wa Kiswahili hakuna aliyedanganya hata mmoja. Kikanushi kimehama hatua moja tu, na watu kadhaa wametakaswa. Anayezoea kupima tofauti kati ya "baadhi", "wengi", "wote" na "si wote" hujifunza, bila kukusudia, kuzipima lugha zake mbili kwa wakati mmoja.

Mji wenyewe una ukumbusho wa kuruka kutoka baadhi hadi wote. Mwaka 1945, ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, ilichapishwa humu tafsiri ya Kifaransa ya kitabu cha Padri Placide Tempels kuhusu falsafa ya Wabantu, iliyofanywa na Antoine Rubbens, ambaye alikuwa wakili wa mji huu. Kitabu hicho kiliwatetea Waafrika dhidi ya wale waliodai kwamba hawana fikra zenye mpangilio, na kwa hilo kilistahili shukrani. Lakini kutokana na yale aliyoyaona hasa kwa Waluba wa Katanga, padri alihitimisha habari za Wabantu wote, tena akawasemea, kana kwamba wenyewe wasingeweza kuyapanga mawazo yao. Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, aliukosoa vikali mtindo huo wa kulipa kundi zima la watu fikra moja. Nia njema ya Tempels haikuuziba ufa wa hoja yake.

Ufa wa namna nyingine hungoja katika kesi za madhara. Dikrii ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba na wajibu, ambayo bado inatumika, inasema katika kifungu cha 258 kwamba aliyemletea mwingine madhara kwa kosa lake ana wajibu wa kuyafidia. Wanafunzi hufundishwa kukisimamisha juu ya nguzo tatu, yaani kosa, madhara, na uhusiano wa chanzo na matokeo kati ya hayo mawili. Marekebisho ya Kanuni ya Madini ya mwaka 2018 yaliondoa nguzo moja kwa wenye haki za uchimbaji: madhara yaliyotokana na shughuli zao hufidiwa hata pasipo kosa. Aliyekariri nguzo tatu ataendelea kutafuta kosa lisilohitajika tena, na aliyesikia juu juu kwamba sheria imelegezwa atasahau kuwa uhusiano wa chanzo bado unapaswa kuthibitishwa.

Na idhaniwe kwamba kiwanda cha kuchenjua shaba kimefunguliwa mwezi Machi kando ya kijito pembezoni mwa mji, na mwezi Aprili samaki wakaonekana wakielea matumbo juu. Wakulima wanasema kiwanda kimeua samaki, kwa sababu vifo vimefuata baada ya kufunguliwa; hoja hiyo ina pengo, kwani kufuatana si kusababishana, na mvua za mwisho wa masika zingeweza kukokota sumu kutoka kwenye lundo la mabaki la zamani. Wakili wa kampuni analiona pengo hilo, analionyesha kwa ustadi, kisha anasema kwamba kwa kuwa haikuthibitishwa, kiwanda hakikuua samaki, na hapo anaruka pengo kubwa kuliko lile alilolicheka. Hakimu anaweza kulazimika kuyakataa madai kwa kukosa ushahidi, lakini kuyakataa madai si kutangaza kwamba maji ni safi. Katika karatasi ya mtihani, jibu linalosema kiwanda ndicho chanzo na lile linalosema kiwanda hakihusiki yote mawili yangekuwa miongoni mwa yale manne yasiyofaa, mpaka mtu ajaze chupa ya maji ya kijito hicho na kuipeleka maabara.