Balbu Iliyowaka

Mbuzi alikufa jioni, ameinama kulamba maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye pampu. Mama mwenye nyumba alinipigia usiku huohuo. "Mwanangu, lile dude lako limeniulia mbuzi." Hakunitukana. Heri angenitukana.

Nyumba ile, viungani mwa Dodoma, niliifunga umeme mimi mwenyewe. Ilikuwa Machi, ardhi imelowa mvua. Nilipigilia fimbo ya ethi ya mita moja na nusu, nikaijaribu kama nilivyofundishwa na fundi aliyenilea kazini: balbu ya wati 60, waya mmoja kwenye moto, wa pili kwenye ethi. Ikawaka vizuri. Nikamwambia, "Mama, ethi ipo, lala usingizi." Maneno hayo bado yananichoma.

Alfajiri niliazima mita ya ethi kwa fundi mwenzangu. Nikazima meni swichi, nikafungua waya kwenye fimbo, nikapanga vigingi viwili kwenye mstari mmoja: cha mbali mita 30 kutoka kwenye fimbo, cha kati mita 18 na nusu hivi. Vigingi viligoma kuingia, maana Oktoba udongo wa pale ni kama tofali la kuchoma. Mita ikasoma omu 160. Nikasogeza kigingi cha kati mita tatu mbele, 163. Nikakirudisha mita tatu nyuma ya pale kilipoanzia, 158. Majibu yakikaribiana hivyo, hapo unaweza kuyaamini.

Gawanya volti 230 kwa omu 160. Ampea moja na nusu haifiki, wakati breka niliyoifunga ilikuwa ya ampea 20. Waya uliochubuka ndani ya pampu ulikuwa ukimwaga umeme kwenye chuma, breka haina habari, na chuma kile kimebeba karibu volti zote kikingoja wa kukigusa. Mbuzi alikuwa na miguu minne kwenye tope.

Kabla ya kurekebisha lolote niliirudia ile balbu. Ikawaka, imefifia kidogo tu! Balbu ya wati 60 hunywa robo ya ampea, na hata ethi mbovu kama ile hupitisha karibu kiasi hicho. Ndivyo tunavyowakabidhi watu nyumba zao, kijiji kwa kijiji, na wanatushukuru.

Niliongeza fimbo mbili, kila moja mita tatu kutoka kwa mwenzake. Chumvi sikuweka, ingawa wengi huweka: mvua huiosha, na kabla haijaisha inaila fimbo. Nikapima tena, omu 61. Bado breka isingekata. Kwa hiyo nilifunga RCD ya miliampea 30, ile inayokata mara tu umeme unapovuja, kitu ambacho Machi nilikiacha ili kumpunguzia Mama gharama. Nilimwonyesha kitufe chake cha kujaribia, akakibonyeza mwenyewe mara tatu, kila mara nyumba ikizimika. Pampu nikaipeleka kusukwa upya, na mbuzi nikamlipa.

Wakati nakusanya vigingi, mjukuu wake wa miaka sita alikuja na ndoo, pekupeku. Yeye ndiye huchota maji pale kila jioni. Jana yake alikuwa ametumwa dukani.