EFATHA: MTOTO ASIYESIKIA NI WA NANI?

Masomo: Marko 7:31-37; Luka 1:57-64; Walawi 19:14



Tunawasalimu ninyi nyote mlioko kambini, na ninyi ambao kama sisi bado mnakaa kwa wenyeji huku Nyakiyumbu, Bwera na Mpondwe. Wazee wa kanisa wametuomba, sisi mume na mke, tuandike somo la mara hii. Hatukuombwa kwa sababu tunajua sana. Tumeombwa kwa sababu Mungu ametupa binti ambaye hasikii, na wazee wanajua kwamba katika familia zetu wako watoto wengine kama yeye, wengine wamefichwa ndani ya nyumba.

Tuanze kwa kutubu mbele yenu. Mwaka 2021, kule upande wa Beni, risasi zililia kijijini kwetu alfajiri. Kila mtu aliamka kwa mlio, isipokuwa yeye. Tulimbeba mdogo wake, tukachukua godoro na sufuria, tukakimbia. Tulipofika kwenye migomba tukahesabu watoto. Watoto wetu ni wanne, tukakuta watatu. Mmoja wetu alirudi, akamkuta amelala, mkono chini ya shavu, na nyumba ya jirani tayari inaungua. Ndugu zetu, godoro tulilikumbuka. Mtoto tulimsahau. Mungu alimlinda, lakini jambo hilo linatuhukumu hata leo.

Kwa nini tulimsahau? Kwa sababu tulikwisha kumzoea kama mtu ambaye hayupo. Alipougua homa kali akiwa na miaka miwili, homa ilishuka lakini masikio hayakurudi. Sisi hatukuelewa. Tulimwita, hakuja, tukasema ni mkaidi. Tulimkumbusha kwa fimbo ile methali yetu, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baadaye majirani wakamwita Bubu, na sisi wazazi tukaitikia. Kikundi kimoja cha maombi kikatuambia ana pepo, tukamnyima chakula siku tatu ili pepo atoke. Alilia kwa njaa bila kujua amekosa nini. Kitabu cha Walawi 19:14 kinatukataza kumlaani kiziwi. Sisi tulidhani laana ni maneno makali tu. Kumbe hata kumwita mtoto Bubu wakati ana jina lake ni laana, maana yeye hawezi kujitetea kwa neno ambalo hakulisikia.

YESU ALIFANYA NINI?

Tusome Marko 7 polepole. Bwana alitoka pande za Tiro na Sidoni, akapita katika nchi ya Dekapoli. Hiyo ni nchi ya mipakani, yenye watu wa mataifa na lugha mbalimbali, kama sokoni Mpondwe. Huko watu walimletea kiziwi mwenye utasi. Angalieni mambo matatu.

Kwanza, aliletwa. Hakusikia habari za Yesu zikipita njiani kama Bartimayo alivyosikia. Asingeletwa, angebaki nyumbani. Basi mzazi unayemficha mtoto siku ya ibada kwa kuogopa macho ya watu, jua kwamba umefunga mlango ambao wale watu wa Dekapoli waliufungua.

Pili, Yesu alimtenga na makutano. Hakumfanya kuwa maonyesho. Mara ngapi sisi tumemsimamisha mtoto mbele ya mkutano, tukampigia kelele masikioni ili watu waone kama amepona?

Tatu, kabla ya kusema neno lolote, Bwana alitumia mikono. Alitia vidole masikioni mwake, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni. Yule mtu alielewa kila kitu kabla hajasikia sauti: ni masikio yangu, ni ulimi wangu, na msaada unatoka juu. Yesu alimhubiria kwa lugha ambayo macho yake yaliweza kuisoma. Ndipo akasema Efatha, maana yake, funguka.

Wengine wanatuuliza: Je, Paulo hakufundisha katika Warumi 10:17 kwamba imani huja kwa kusikia? Basi kiziwi ataokokaje? Tunawajibu kwa Yohana 1:14, ambapo mtume anashuhudia kwamba Neno alifanyika mwili, nao wakauona utukufu wake. Tena nyumbani kwa Zakaria, ndugu walimwashiria ili wajue mtoto ataitwa nani, naye akaandika jina kwenye kibao. Jina la Yohana Mbatizaji lilithibitishwa kwa ishara na maandishi, si kwa sauti, na Mungu hakulikataa.

Tumeomba uponyaji, na bado tunaomba. Lakini binti yetu hajasikia. Siku moja tuliona kwamba neno Efatha lilikuwa likituambia sisi: fungukeni macho, fungukeni mikono. Yeye alikuwa anasema nasi siku zote, kwa macho, kwa vidole, kwa uso. Viziwi wa nyumba ile tulikuwa sisi.

MAMBO TULIYOJIFUNZA

1. Tambua mapema. Simama nyuma ya mtoto mdogo, piga makofi au gonga sufuria, uone kama anageuka. Ukiwa na shaka mpeleke kituo cha afya, usingoje akue. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba karibu 60 katika kila watoto 100 wenye tatizo la kusikia walipatwa na mambo yanayoweza kuzuilika. Surua, rubela kwa mama mjamzito, homa ya uti wa mgongo na usaha wa masikio usiotibiwa, yote haya huharibu usikivu. Uganda ilianza kutoa chanjo ya surua pamoja na rubela Oktoba 2019, msiikose. Dawa nyingine, kama kwinini na sindano za gentamaisini, zinaweza kudhuru masikio zikitolewa vibaya, kwa hiyo msinunue sindano za kuchomwa nyumbani. Wala msimwagie mtoto mafuta au maji ya majani sikioni.

2. Mpe lugha leo. Mtoto asiyesikia hakukosa akili, amekosa lugha. Kila mwaka unaopita bila lugha ni hasara kubwa kwake. Sisi tulianza na ishara za nyumbani: kula, maji, njoo, hatari, nakupenda. Tulimpa jina la ishara, kidole kwenye shavu, kwa ajili ya ule usingizi wake wa siku ya kukimbia. Sasa kila mmoja nyumbani anamwita hivyo, naye anageuka na kucheka. Lakini ishara za nyumbani hazitoshi. Iko lugha ya ishara ya Uganda, lugha kamili yenye sarufi yake, ambayo si sawa na ile inayotumika kwetu Kongo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali iendeleze lugha ya ishara kwa ajili ya viziwi, na chama cha kitaifa cha viziwi kimekuwapo tangu 1973. Mheshimiwa Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bunge la Uganda mwaka 1996. Mwambieni hayo yule anayesema mtoto kiziwi ni wa kuchunga mbuzi tu.

3. Mpeleke shule. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na mwenyeji. Ulizeni ofisi ya elimu ya wilaya juu ya afisa wa watoto wenye mahitaji maalumu, ili awaelekeze mahali penye mwalimu anayejua ishara. Kama hakuna karibu, mwombeni mwalimu amketishe mbele, amtazame usoni anapofundisha, na aandike ubaoni.

4. Mlinde. Sisi wakimbizi tunajua jambo hili kuliko wengine. Katika kila nyumba yenye mtoto kiziwi awepo mtu mmoja ambaye kazi yake usiku wa hatari ni kumshika mkono kabla hajashika kitu kingine. Kwetu ni kaka yake mkubwa, nao hulala mkeka mmoja na mdogo wao. Mshonee kwenye nguo jina lake, jina la mzazi na mahali mnapokaa. Binti yetu alipotea siku ya soko, tukazunguka tukiita jina lake mpaka sauti zikakauka, kana kwamba angesikia! Mama mmoja Mkonzo alimwona analia, akakaa naye chini kivulini, akampa ndizi, akangoja mpaka tulipofika. Hakuuliza kama ni wa kabila gani wala ametoka upande gani wa mto Lhubiriha. Mungu ambariki.

Tena tuseme wazi. Wako watu waovu wanaomtafuta mtoto kiziwi, hasa binti, wakijua hataweza kusimulia. Mfundishe ishara za mwili wake wote, na ishara ya kusema hapana. Akianza kumwogopa mtu, mwamini. Peleka habari polisi na kwa wahusika wa ulinzi wa watoto. Mambo haya hayamalizwi kwa mbuzi wala kwa kikao cha ukoo.

5. Mpe kazi na nidhamu kama wengine. Binti yetu anachota maji kwa jerikani yake ndogo, anachambua sombe, na akikosa anakanywa. Huruma inayomwacha mtoto akae tu hapo mlangoni si upendo.

MFANO WA MTUMISHI WA MUNGU

Andrew Foster alikuwa Mmarekani mweusi aliyepoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1954 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington. Wengine wangesema inatosha. Yeye alikuja Afrika, akafungua shule ya viziwi nchini Ghana mwaka 1957, na kazi ile ikaenea mpaka shule zaidi ya 30 katika nchi 13, pamoja na Kongo yetu ilipoitwa Zaire. Alikufa katika ajali ya ndege Rwanda, Desemba 1987. Mungu hakungoja masikio ya mtu huyu yafunguke ndipo amtume.

NA KANISA JE?

Wapendwa, tunaomba mambo madogo. Watoto wasiosikia waketi mbele. Mhubiri asifunike mdomo kwa karatasi. Vijana wawili au watatu wajifunze ishara, watafsiri neno. Korali imruhusu mtoto aweke kiganja kwenye ngoma. Binti yetu hufanya hivyo kila Jumapili, na kila anayemwona anajua kwamba anamsifu Mungu.

Tuliuliza juu: mtoto huyu ni wa nani? Ni wetu, ndiyo. Lakini siku ya kukimbia, mzazi anaweza kuwa shambani au hospitalini. Siku hiyo atakuwa wa yule aliye karibu. Jueni nyumba ambamo mtoto kiziwi analala.

Tuombe: Ee Bwana, uliyemgusa mtu wa Dekapoli kwa mikono yako, utusamehe tuliowasahau watoto wako. Uwaponye kama upendavyo. Na kabla ya hapo, na hata kama sivyo, utufungue sisi. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.