Cha Bure Kina Mwenyewe

Mwaka jana nililipwa shilingi 1,500 kuiba. Wakati huo sikuiita hivyo. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine ninazookota mtandaoni: mteja alinitumia picha za michezo ya hesabu ya gredi ya tatu, nizichape upya, nizipange, ziwe PDF moja ya kuuzia walimu. Maagizo yalikuwa mawili. Ondoa mambo ya chai, isije ikaonekana ni ya watu wa Kericho na Bomet peke yao. Na ufute ule mstari ulio chini ya kila ukurasa: "Tumia bure. Ukiiboresha, niambie."

Nilifika mchezo wa kumi ndipo nikautambua mwandiko. Saba iliyokatwa mstari katikati. Ni mwalimu wangu wa shule ya msingi, huko Konoin. Siku hizi hupiga picha daftari lake na kulituma kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu, na picha zinakwenda zinakotaka.

Mchezo wenyewe niliujua. Mtoto mmoja ni karani wa kituo cha majani, wengine ni wakulima. Vifuniko vya soda ndio kilo. Wakulima watatu wanaleta 11, 9 na 14. Karani anajumlisha kwa sauti, na sheria inamtaka akosee makusudi. "Thelathini na mbili!" Darasa zima linaruka: "Karani, mbili zimeenda wapi?"

Tulicheka sana siku hiyo. Lakini wiki chache baadaye nilikuwa kwenye foleni na mama, gunia letu likapimwa, karani wa kweli akaandika, nami nikajumlisha magunia yetu kichwani. Sauti ikanitoka kabla sijaogopa: "Karani, mbili zimeenda wapi?" Akanitazama, akakata, akaandika upya. Mama hakusema kitu. Njiani akaninunulia mandazi.

Ndiyo maana sikubali furaha darasani iitwe mapambo. Mtoto aliyefundishwa hesabu kwa kiboko huenda akajua jibu, ila atalinong'ona. Aliyefundishwa kwa kicheko ana ujasiri wa kuuliza mbele ya mizani.

Sasa mimi, mtoto huyo huyo, nilimgeuza karani kuwa muuza matunda. Nikafuta mstari. Nikapokea M-Pesa, nikalipa sehemu ya kodi. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na tangu hapo nimekuwa hodari wa kujitetea.

Utetezi wangu wa kwanza ulikuwa huu: nikichukua gunia lako la majani, unabaki mikono mitupu. Nikichukua mbinu yako ya kufundisha mara tatu kwa majani mawili na chipukizi, bado unayo. Sasa wewe umepoteza nini? Na alishasema ni bure. Mlango umeachwa wazi, mwizi yuko wapi hapo?

Wa pili ulikuwa mbaya zaidi, maana ulivaa nguo ya sifa. Nilijiambia walimu wa aina yake hawajali pesa. Mwaka 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa hesabu na fizikia pale Keriko, Kaunti ya Nakuru, alishinda Global Teacher Prize, dola milioni 1, na dunia ikasikia kwamba hutoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wengine. Tulimshangilia, na alistahili. Lakini Tabichi ni mtawa wa Kifransisko. Kutoa ni njia ya maisha aliyoichagua mwenyewe. Mwalimu wangu ana watoto wa kulipia karo, na bando la kutumia picha zile hulinunua mwenyewe. Tukizoea kumwita kila mwalimu mkarimu mtakatifu, ni rahisi sana kusahau kumuuliza kama amekula.

Nilikaa na jambo hilo miezi miwili. Kisha nikampigia.

"Chamgei, Mwalimu." Nikamweleza yote, hata ile 1,500. Nilitarajia hasira. Kwa kweli niliitaka, hasira ingenipunguzia mzigo. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Wale walionunua, mchezo wa karani umewafaa?"

"Sijui, Mwalimu."

"Basi hapo ndipo mmeniumiza. Nani ataniambia?"

Akanieleza kwamba ile sheria ya karani kukosea makusudi haikuwa yake. Mwanzoni karani alikuwa mtoto mwepesi wa hesabu tu, na wazito walikaa kimya. Mwalimu mmoja wa upande wa Sotik alijaribu mchezo, akaona hivyo, akamwandikia: mfanye karani akosee, yule asiyejua apate raha ya kumnasa anayejua. Yaani mandazi niliyokula utotoni yalitoka kwa mtu aliyesoma ule mstari na kuutii.

Hapo utetezi wangu ukaanguka. Kweli, mbinu haipungui ikigawanywa. Kinachoweza kukatwa ni njia ya kurudi. "Bure" ya Mwalimu ilikuwa mwaliko, na mwaliko una mwenyeji. Angeweza hata kuuza, nisingemlaumu. Mwalimu kuuza kazi yake si dhambi. Ila kuchukua alichotoa, ukafuta mlango wa kumjibu, ni kuhakikisha mchezo hautakua tena. Wahenga walisema mgala muue na haki yake umpe. Huyu hata si mgala. Ni mwalimu wangu.

Nilimwomba mteja arudishe mstari. Akasema vitu vya mtandaoni havina mwenyewe, kisha akaacha kujibu. Pesa nilishaitumia. Ninachofanya sasa ni kuchapa daftari la Mwalimu, ukurasa kwa ukurasa, karani na chai yake vikiwemo, na chini naandika maneno yale yale. Deni halijaisha. Jana nimefika ukurasa wa 23, na kuna mchezo mmoja nadhani una kasoro. Nitampigia nimwambie.