Ngurumo ya Mbali

Kwetu Kapkatet mvua ya mawe haitushtui. Ikishapita, watu hawaulizani nani kaumia. Huulizana majani yamepona kiasi gani. Kericho na Nandi Hills ni miongoni mwa mahali panapopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilirushwa juu ya mashamba ya Kericho kutia mawingu iodidi ya fedha ili mawe yapungue. Yote hayo kwa ajili ya chai. Mchunaji alibaki na macho na masikio yake.

Siku ninayoikumbuka jua lilichoma shingo tangu saa nne asubuhi. Joto la namna hiyo ndilo linalopandisha hewa, na upepo wa Ziwa Victoria ukikwea hadi huku juu ukakutana na ule wa mashariki, mawingu huota mchana uleule. Saa saba yalikuwa yakifura upande wa Mau kama maziwa yanayotaka kumwagika sufuriani. Saa nane na nusu moja lilikuwa limewapita wenzake: kichwa kimetandaa bapa kama fuawe la mhunzi, tumbo jeusi. Kisha ikaja ngurumo, hafifu, kama lori la majani likivuka daraja la mbao.

"Shemeji, twende," mama akasema.

"Hiyo bado iko Mau, shemeji," baba mdogo akajibu bila kuinua kichwa. "Mvua ikianza tutakimbia."

Alikuwa amebakiza mistari miwili, na karani wa kupima majani hamngojei mtu. Mimi simlaumu kwa kuitaka pesa yake. Kosa lake lilikuwa kungoja mvua. Sauti hutumia kama sekunde 3 kwenda kilomita moja; ukihesabu 30 kati ya mwanga na mshindo, radi iko kilomita 10, na radi huweza kuruka umbali huo ikatua penye ardhi kavu. Ukiisikia tu, umeshaingia ndani ya mkono wake. Wanandi, ndugu zetu, walisimulia habari za Ilet wawili, miungu wa radi: mwovu anayepasua karibu akitaka kuua, na mwema anayenguruma mbali akimfukuza mwenzake. Baba mdogo alimwamini mno yule wa mbali.

Mama alitukokota hadi nyumba ya mawe ya jirani, yenye nyaya za stima na mabomba ya maji, vitu ambavyo huibeba radi hadi ardhini. Tulikipita kituo cha kupimia majani, mabati juu ya nguzo, pande zote wazi, watu wamejazana chini yake wakidhani wamejificha. Hata kuta hazitoshi kila mara: tarehe 28 Juni 2011, huko Runyanya, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 wakiwa shuleni kwao.

Punje za kwanza zilipogonga majani, baba mdogo alikumbuka ng'ombe aliyefungwa chini ya mgrevilea. Akaondoka katikati ya chai inayofika kiunoni, yeye peke yake ndiye mrefu. Hakumfikia. Radi ilishuka na mti, ikatambaa ardhini. Ng'ombe, miguu minne imetanuka, alikufa amesimama kabla hajaanguka. Baba mdogo alitupwa kifudifudi. Tulimkuta baada ya nusu saa, maana mama hakuturuhusu kutoka hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Majani yake ya siku ile, kama kilo 14, yalioza kikapuni. Sikio la kushoto halikurudi tena. Siku hizi ikinguruma hata kwa mbali sana, yeye huacha mstari katikati na kushika njia. Vijana humcheka. Huwageuzia lile la kushoto.