Je, Kisichofika Kimepotea?

Mtu amefunga kifurushi, amekipeleka posta, amelipa, akapewa stakabadhi. Majuma yanapita, naye aliyeandikiwa anasema hajaona kitu. Ndipo mtumaji anapoelezwa kwamba anayo haki ya kudai fidia, na anapewa fomu aijaze na kuitia sahihi. Jambo hili laonekana kuwa dogo, la makarani na mihuri. Lakini tukilitazama vizuri tutaona kwamba mtu huyo anatakiwa kutoa ushahidi juu ya jambo asilolijua, kisha apokee fedha kwa ushahidi huo. Je, yampasa afanyeje?

Kwanza na tuulize: mtu huyu anajua nini hasa? Anajua kwamba alikabidhi kifurushi siku fulani. Anajua kwamba siku nyingi zimepita. Anajua, kwa kuambiwa tu, kwamba ndugu yake hajakipokea. Hayo ndiyo yote. Kwamba kifurushi kimepotea, hajui; kwamba kimeibwa, hajui kabisa. Kurani Tukufu (17:37) inamkataza mwanadamu kuyafuata yale asiyo na ujuzi nayo, na sijui kama kuna mahali ambapo katazo hilo husahauliwa upesi kama mbele ya kaunta ya posta, mtu akiwa na hasira na stakabadhi mkononi.

Sheria ya mambo haya ni ya kimataifa. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, una mkataba unaofuatwa na nchi wanachama. Mkataba huo wasema kwamba kitu kilichotumwa hubaki mali ya mtumaji mpaka kimfikie mwenye haki ya kukipokea, isipokuwa pale sheria ya nchi inaposema vingine. Kwa hiyo mwenye kudai fidia, kwa asili, ni mtumaji, ingawa aweza kumwachia haki hiyo yule aliyeandikiwa. Maulizo hupokelewa katika muda wa miezi 6 tangu siku ya pili yake baada ya kitu kupelekwa posta. Barua ya kawaida kwa desturi haina fidia. Fidia ni ya rejesta, ya vifurushi, na ya vitu vilivyokatiwa bima.

Sasa tazameni jinsi jambo lilivyo. Anayedai ni mmoja, na anayejua ni mwingine. Tuseme mtu akaaye Leicester, Uingereza, amempelekea dada yake wa Tabora kifurushi cha nguo. Mwenye kutia sahihi ni ndugu wa Leicester. Lakini kama kifurushi kimefika au hakikufika, mwenye kujua ni dada wa Tabora peke yake. Neno lake moja la simu ndilo linalogeuka kuwa madai ya fedha katika nchi nyingine. Yampasa dada huyo ajue kwamba akisema "sijapata" hasemi maneno ya mazungumzo tu. Anatoa shahada.

Na kabla ya kusema hivyo, ametafuta? Katika nchi yetu barua na vifurushi kwa sehemu kubwa havipelekwi nyumbani. Huja kwa sanduku la posta, na sanduku moja aghalabu hutumiwa na watu wengi: walimu wa shule nzima, wafanyakazi wa idara, waumini wa msikiti, jamaa na majirani wa mwenye sanduku. Kifurushi chenyewe hakiingii sandukuni. Kinachoingia ni kikaratasi cha kumwita mwenyewe aende kaunta. Kikaratasi hicho huchukuliwa na yeyote aliyetumwa na ufunguo siku hiyo, kikawekwa ndani ya daftari la mahudhurio au mfukoni mwa koti, na koti likapelekwa kufuliwa. Wakati huo kifurushi kimekaa rafuni kikingoja. Pengine kimezuiwa forodhani kwa sababu ushuru haujalipwa. Pengine tarakimu moja ya namba ya sanduku imesomwa vibaya, 1 ikawa 7, nacho kimelala katika ofisi ileile umbali wa hatua tatu. Haya yote hutokea pasipo mwizi yeyote. Lakini mtu aliyechoka kungoja haoni rafu wala koti. Aona karani, na katika moyo wake karani amekwisha hukumiwa. Mwenyezi Mungu ametuonya katika Sura ya Al-Hujurat (49:13) juu ya dhana, na karani wa posta naye ni miongoni mwa watu ambao heshima yao imehifadhiwa na aya hiyo.

Siku hizi kuna shahidi wa tatu. Kifurushi hupewa namba yenye herufi 2, tarakimu 9 na tena herufi 2 za kuonyesha nchi kilikotoka, kama TZ kwa Tanzania au GB kwa Uingereza, na kwa namba hiyo mtu aweza kukifuata kwa kompyuta au simu. Shahidi huyu husaidia sana, ila asipewe heshima asiyoistahili. Husema kifurushi kilipoandikwa mara ya mwisho, wala hasemi kipo wapi sasa. Na zipo siku ambapo kompyuta husema "kimekabidhiwa" na dada wa Tabora asema "sikukabidhiwa." Hapo si haki kumwita dada mwongo kwa kuwa mashine imesema, wala si haki kudhani mashine hukosea kila inapotupinga sisi. Sahihi ya aliyepokea ndiyo itafutwe.

Lakini, atasema msomaji, je, mtu angoje milele? Hapana. Na hapa yafaa tuone jinsi sheria ya Kiislamu ilivyokutana na swali hilihili katika jambo zito kuliko kifurushi chochote. Mume akisafiri asirudi, wala habari zake zisijulikane, mkewe ni mjane au ni mke wa mtu? Hakuna ajuaye. Seyidna Umar (r.a.) aliamua kwamba mke angoje miaka 4, kisha akae eda ya miezi 4 na siku 10, ndipo awe huru kuolewa. Imamu Malik ameishika hukumu hiyo. Wanazuoni wengine, hasa wa madhehebu ya Hanafi, walitaka angoje mpaka watu wa rika la mumewe wawe wamekufa. Mzozo wao wafundisha. Waliotaka angoje sana walisema kwamba yakini haiondolewi na shaka: mtu huyu twajua alikuwa hai, na kifo chake hatukijui. Waliofuata hukumu ya Seyidna Umar hawakudai kwamba baada ya miaka 4 wamepata kujua alipo. Walisema tu kwamba aliye hai asifungwe maisha yake yote kwa kamba ya shaka.

Basi muda uliowekwa na posta, baada ya maulizo kufanywa na jibu kukosekana, ni wa namna ileile. Muda ukipita, kifurushi huhesabiwa kuwa kimepotea. Kuhesabiwa ni kazi ya sheria, na ni kazi njema. Wala asione haya anayedai chini yake. Ila yeye mwenyewe asichanganye mambo mawili. Aandike anayoyajua: nilituma kitu hiki, siku hii, na mwandikiwa asema hajakipokea. Neno "kimepotea" awaachie wenye mamlaka ya kulisema. Tofauti hii yaweza kuonekana kuwa ya maneno tu, lakini tutaona mbele kidogo kwamba fedha zote zaitegemea.

Kuna mahali pengine katika fomu hiyo panapomjaribu mtu zaidi, nako ni kwenye thamani. Wakati wa kutuma kifurushi nchi za nje, mtumaji hujaza hati ya forodha na kuandika kilichomo na bei yake. Wengi huandika bei ndogo ili anayepokea asitozwe ushuru mkubwa, na hawaoni kosa, kwa kuwa "kila mtu hufanya hivyo." Kifurushi kisipofika, mtu yuleyule, kwa kalamu ileile, aandika bei mara nane ya ile. Moja kati ya sahihi zake mbili ni ya uwongo. Kama alisema kweli kwa posta, alilidanganya taifa la nduguye. Kama alisema kweli forodhani, anataka kuwadanganya posta. Nionavyo mimi, mtu aliyeandika shilingi 10,000 kwa hiari yake amekwisha kujihukumu, na hana ruhusa ya kudai senti moja zaidi.

Mkataba wenyewe hupima fidia kwa bei ya kawaida ya vitu vya aina hiyo, mahali na wakati vilipopokelewa na posta, wala hauhesabu faida iliyokosekana. Hili huwaumiza watu kwa haki. Kanga ya marehemu mama, iliyofuliwa mara mia, sokoni haina bei. Mwenyewe atashawishika kuandika bei ya kanga mpya kumi, akijiambia kwamba huzuni yake ina thamani zaidi ya hizo. Ina thamani kweli. Lakini hakuuliziwa huzuni.

Wako na wale wasiodai kabisa. Huyu asema, "Nimemwachia Mungu," na watu humsifu kwa subira. Mimi naona mara nyingi huo ni uvivu uliovaa kanzu. Maulizo yakifunguliwa, watu hutafuta. Madaftari hupekuliwa, rafu hupanguliwa, na vifurushi vingi hupatikana kwa njia hiyo. Asiyeuliza amekizika kifurushi chake na kuwazoeza watu wa rafu kwamba hakuna atakayeuliza. Imesimuliwa kwamba Seyidna Ali (r.a.) aliwatwika mafundi dhamana ya vitu walivyokabidhiwa na watu, ingawa kwa asili mwajiriwa ni mwaminifu, kwa kuwa aliona mambo ya watu hayatengenei bila hivyo. Dhamana isiyodaiwa ni kama haipo. Anayefungua maulizo huwasaidia hata watakaotuma baada yake.

Kwa upande wa pili wako wasemao kwamba posta ni mali ya serikali, haina uchungu. Fedha hizo zimetoka kwa kila aliyenunua stampu, na mwingi wao ni watu maskini kuliko anayedai. Mtume Mtukufu (s.a.w.) aliwaonya waliokuwa wakishtakiana kwamba yeye huhukumu kwa yale anayoyasikia, na kwamba aliyepewa haki ya mwenziwe kwa ufasaha wa ulimi wake amepewa sehemu ya moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haikuweza kuhalalisha kisicho haki, mhuri wa posta utawezaje? Vivyo hivyo muuzaji ambaye kwanza alidaiwa na mnunuzi akamrudishia fedha, ana haki ya kufidiwa na posta. Lakini mnunuzi asilipwe na wote wawili kwa kitu kimoja.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Miezi 7 imepita, fidia imelipwa Leicester, fedha zimekwisha tumika. Ndipo Tabora kikaratasi kinaonekana na kifurushi kiko kaunta. Mkataba umekwisha lifikiria jambo hili: aliyelipwa hujulishwa kwamba kitu kimepatikana na chaweza kuwekwa kwa ajili yake kwa miezi 3, akirudisha fedha alizopewa. Akikataa au asipojibu, mwenzake wa upande wa pili huulizwa vilevile. Wote wakikataa, kitu kinakuwa mali ya posta iliyobeba hasara. Hapa ndipo faida ya kuandika "hakijafika" inapoonekana. Aliyeandika hivyo tangu mwanzo alijua moyoni kwamba fedha zile zimeshika mahali pa kifurushi kwa muda, nacho kikija zitaondoka. Aliyejiapia kwamba kimeibwa ataona kwamba fedha ni zake na kifurushi ni bahati.

Hata hivyo, ugumu upo. Nguo zilikuwa za mtoto mchanga, na mtoto sasa anatembea. Mtumaji hana haja nazo tena, na kuzirudishia fedha ni hasara tupu. Hana kosa akisema: nimechagua fedha, nguo chukueni ninyi. Sheria imempa uchaguzi huo, na dhamiri haimzuii. Posta itaziuza au itawapa wengine.

Lakini uchaguzi huo hauwezi kufanywa na dada wa Tabora asiyejua lolote. Yeye ameitwa kaunta, ametoa kitambulisho chake, ametia sahihi, amepokea nguo zilizomchelewa na kumshukuru Mungu kwa machozi. Hajui kwamba ndugu yake alikwisha kulipwa, kwa kuwa ndugu yake hakumwambia. Jioni anapiga simu Leicester: "Kaka, kifurushi kimefika!" Na kaka, badala ya kumwambia habari ya fidia, anajibu, "Alhamdulillahi," na kumwuliza habari za watoto.