Kosa la Chapa ni la Nani?

Kila tukutapo neno lililoharibika kitabuni, twasema upesi, "Ni kosa la chapa," kisha twageuza ukurasa. Lakini je, chapa ina mikono? Kosa hilo ni la nani?

Sanaa ya kupanga herufi ni kongwe. Huko Uchina, katika miaka ya 1040, Bi Sheng alitengeneza herufi za udongo zilizoweza kupangwa, kupanguliwa na kupangwa tena. Mjini Mainz, Ujerumani, Johannes Gutenberg alisubu herufi zake kwa risasi, bati na antimoni, na kufikia mwaka 1455 Biblia yake ilikuwa tayari. Mpangaji alizitia herufi moja moja, akizisoma kinyume, kama zionekanavyo kiooni. Mwandishi wa kalamu akikosea, huharibu nakala moja. Mpangaji akikosea, huharibu zote. Wahenga walinena kuteleza si kuanguka. Bali katika chapa, kuteleza mara moja ni kuanguka mara elfu.

Mwaka 1631, mjini London, wapiga chapa wa mfalme, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia iliyokosa neno moja dogo la kukanusha, ikawa yaamuru uzinzi. Walitozwa faini ya pauni 300. Kwa Kiswahili ingalitosha kuangusha "si" katika "usizini". Nasi tunayo alama ndogo zaidi, ritifaa: iondoe katika "ng'oa", utabaki na "ngoa", yaani wivu.

Wako wasemao kwamba mpangaji ni mtumishi tu, hupanga alichopewa. Hatukubali; mtumishi naye ana macho. Wala si haki kumtwika mzigo peke yake. Mwandishi aliyeleta mswada usiosomeka, msahihishaji aliyeharakisha, na mwalimu aliyeliona kosa akanyamaza, wote ni washirika.

Sisi tufundishao mbali na pwani tuna dhima kubwa zaidi, maana wanafunzi wetu huamini karatasi kuliko sikio. Tuliwahi kuwagawia zoezi tulilolichapa wenyewe, lenye "ngombe" bila ritifaa. Tulipowasahihisha matamshi, walitunyoshea karatasi ile ile. Hatukuwa na jibu.

Leo kompyuta imeshika nafasi ya risasi, na kosa husafiri upesi zaidi. Basi, ndugu walimu, tukilikuta tusiishie kulitaja. Tushike kalamu, tulisahihishe mbele ya wanafunzi, na likiwa letu, tukiri kuwa ni letu.