Mwalimu wa Michezo, Acha Kuadhibu kwa Mbio!

Walimu wenzangu, na hasa ninyi wakufunzi wa vyuo vya ualimu: nani alitufundisha kwamba kukimbia ni adhabu? Mtoto kachelewa mstarini, anazungushwa uwanja mara tano. Kapiga kelele darasani, anarushwa kichura mpaka mapaja yanawaka moto. Kisha kikifika kipindi cha michezo, mwalimu yuleyule anasimama mbele yake na filimbi na kumwambia mazoezi ni afya. Ataamini vipi? Mwili wake umeshajua kwamba anayetoka jasho ni aliyekosa.

Kitazameni kipindi chenyewe. Mpira mmoja, watoto 80. Manahodha wawili wanachagua timu: wewe, wewe, na wewe. Safu inapungua hadi anabaki binti mnene, kashika pindo la sketi, macho kwenye vidole vya miguu yake, na manahodha wanabishana nani ambebe. Siku daktari atakapomshauri binti huyo, akiwa mama wa miaka 40, afanye mazoezi, atakachokumbuka ni safu ile. Inaniuma, kwa sababu hakuna aliyekusudia kumwumiza. Mwalimu wake hakufundishwa njia nyingine.

Naam, hakufundishwa! Mwanachuo anahitimu akijua kwamba goli la mpira wa miguu lina upana wa mita 7.32, na kwamba uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5. Hajui amjibu nini mtoto anayesema, "Mwalimu, mimi siwezi."

Na jambo hili linafundishika. Wanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wameonyesha kwamba ari ya kudumu inadai mambo matatu: mtoto awe na kauli katika anachokifanya, ajione anaweza, na ajione ni mmoja wa wenzake. Huko Seoul, Sung Hyeon Cheon na Johnmarshall Reeve waliwagawa kwa bahati nasibu walimu 19 wa michezo wa sekondari. Baadhi yao walifunzwa kumsikiliza mwanafunzi anaponung'unika, kumweleza sababu ya kila zoezi, kumwachia nafasi ya kuchagua na kuweka kando lugha ya amri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: wanafunzi wa walimu hao walikuwa na ari kubwa zaidi, walishiriki zaidi, na walitaka kuendelea na mazoezi siku za mbele. Walimu walijifunza kusema na watoto, na watoto wakabadilika.

Basi msiniambie hatuna vifaa. Ni kweli hatuna, na tuendelee kuvidai bila kuchoka. Lakini kumuuliza mtoto aanze na kamba au na rede kunagharimu shilingi ngapi? Kumwambia, "Juzi uliruka mara 12, leo umefika 15," badala ya kumlinganisha na mwenye miguu mirefu, kunahitaji bajeti gani? Kumruhusu binti avae suruali chini ya sketi ili akimbie bila aibu, kunangoja kibali cha nani?

Wako watakaonijibu kwa vikombe vya mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA. Nayapenda mashindano hayo, yaendelee! Na Filbert Bayi tumtukuze, anastahili: mwaka 1974 kule Christchurch alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Lakini kipindi hakikuwekwa kwenye ratiba ili tumsake Bayi mmoja na kuwaacha 79 wakae chini ya mwembe. Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Kila mtoto! Hata yule wa mwisho kwenye safu.

Wakufunzi, kazi hii ni yenu, na ianze muhula huu. Mwanachuo akileta andalio la somo, tafuteni mahali alipoandika mtoto atachagua nini. Kama hapapo, mrudishieni aandike upya. Mkienda kumkagua kwenye mazoezi ya kufundisha, msisimame karibu na wafunga mabao. Nendeni pembeni mwa uwanja kwa yule ambaye hajagusa mpira, muulizeni leo mwalimu wake amemwambia nini, na alama mtoe kwa jibu hilo.